Muulize Fundi: Sanduku la betri kwanza, mota itasubiri

Mwezi huu barua karibu zote ni za kitu kimoja, baiskeli za umeme, na sio zile za kununua zikiwa tayari, hapana, watu wanataka kujenga wenyewe nyumbani na betri ikae ndani ya fremu. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana maswali ya wengine wengi yamo humo humo, zingine nimezipitia haraka haraka.

Shikamoo fundi. Nina Phoenix ya marehemu babu, ile nyeusi ya inchi 28, breki za vyuma, ipo nzima. Naishi njia ya Pongwe na kazi iko mjini Tanga, simu inasoma kilomita 14 kwenda na 14 kurudi. Nataka kuitia umeme, betri ikae katikati ya fremu sio kwenye keria. Nimeona mota ya wati 1000 mtandaoni, roho inadunda. Nitume pesa au nisubiri?
*Mjukuu, Tanga*

Marahaba mjukuu, na babu Mungu amlaze pema. Pesa usitume. Sikukatazi baiskeli, nakukataza kuanza na mota, maana karibu kila anayeniandikia anaanzia hapo, ananunua mota alafu anaanza kuitafutia betri, akipata betri anaanza kuitafutia pa kukaa, mwisho inafungwa na mpira kwenye keria kama kuku wa kwenda mnadani. We anza kinyume chake. Kwanza ujue nafasi iliyomo ndani ya fremu, nafasi ndo itakwambia seli ngapi zinaingia, seli zitakwambia unaweza kuvuta ampea ngapi na utafika wapi, mota inachaguliwa mwisho kabisa kulingana na hayo.

Mi mwenyewe hilo la keria nimelilipia ada. Baiskeli yangu ya kwanza niliweka betri nne za asidi za volti 12, zile ndogo za kwenye UPS, moja inakaribia kilo 4, kwa iyo kilo 15 zimekaa juu nyuma. Ukisimama kwenye taa baiskeli inataka kulala, ukikata kona nyuma inakuja na maoni yake, na wiki mbili hazijaisha nimeshakata spoku tatu. Uzito ule ule ukiushusha katikati ya miguu yako wala huusikii sana, na siku hizi sio kilo 15 tena, ni 3 mpaka 5.

Sasa bahati yako ni kwamba fremu ya Phoenix ni kubwa kama geti. Chukua kadibodi ngumu, boksi la friji au la TV, ikate pembetatu iingie katikati ya mabomba matatu ikibakiza kidole kimoja kila upande. Ifunge hapo na selotepu, kaa kwenye kiti, zungusha pedeli raundi nzima polepole, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Angalia pia ile fimbo ya breki ya nyuma inayoshuka sambamba na bomba la chini, sanduku lisije likaibana, kuna mtu nilimfungia vizuri tu alafu kesho yake akaniambia breki ya nyuma imegoma, kumbe klampu yangu mwenyewe imeikalia fimbo. Ukiridhika na kadibodi, ndo ramani yako hiyo.

Unene wa sanduku unapangwa na seli. Seli za kawaida zinaitwa 18650, maana yake kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Zilaze kukatiza fremu, vichwa vitazame kushoto na kulia kama chupa kwenye kreti iliyolazwa ubavu. Hapo una milimita 65 za seli, weka 3 za nikeli (vile vibati vyembamba vya kuunganisha seli) na karatasi ya kuhami, 6 za sponji pande zote mbili, 4 za kuta za bati la aluminiamu, jumla 78. Hiyo inapita kati ya mapaja bila shida. Ukifika 90 na kuendelea, utaendesha umepanua miguu kama mtu aliyeteremka punda sasa hivi.

Hesabu ya umeme ni nyepesi. Volti mara ampea-saa unapata wati-saa, na baiskeli nzito kama yako, umekaa wima unakula upepo wa bahari, huku na wewe unakanyaga kidogo, mi naihesabia wati-saa 15 kwa kilomita. Kilomita 28 ni 420. Betri haitakiwi kukamuliwa mpaka tone la mwisho na kila mwaka inapungua kidogo, kwa iyo lenga 600 na zaidi. Panga vituo 13 vya kufuatana, chanya ya kimoja kwenye hasi ya kinachofuata ili volti zijumlike, na kila kituo kiwe na seli 5 za kulingana, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi ili ampea-saa zijumlike, jumla seli 65. Kila seli ikiwa na ampea-saa 2.9 utapata 14.5 kwa volti 47 hivi, ambayo ni kama wati-saa 680. Hiyo ndo watu wanaita betri ya 48, ikijaa inasoma 54.6. Seli moja ni gramu 47 hivi, zote 65 ni kilo 3. Tatu! Linganisha na mizigo yangu ile ya UPS.

Kuna njia nyingine ambayo kwa fremu kubwa kama hiyo mi naipenda zaidi, seli za fosfeti ya chuma, zile nene za 32700 zinazotumika sana kwenye taa za sola. Moja ina volti 3.2 na ampea-saa kama 6. Ukiweka 16 za kufuatana mara mbili, jumla 32, unapata volti 51 na ampea-saa 12, zinapita wati-saa 600. Zitakuwa nzito zaidi, kama kilo 4 na nusu, ila zinavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi na hazina hasira ya moto kama zile zingine. Kwa joto la Tanga, baiskeli inayoshinda juani nje ya ofisi, kilo moja na nusu ya ziada mi naibeba bila kununa. Chaja yake ni nyingine lakini, ya volti 58.4, usije ukazichanganya, alafu hakikisha kontrola yako, kile kiboksi kinachopimia mota umeme, inavumilia volti hizo.

Seli za aina yoyote lazima zikae na bodi ya ulinzi, wenyewe wanaiita BMS, inakata umeme seli zikishuka sana au zikijaa sana au ukivuta kupita kiasi. Weka na fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na betri, sio kule kwenye kontrola, fyuzi iliyoko mwisho wa waya hailindi waya.

Sanduku lenyewe bati la aluminiamu la milimita 1.5 au 2 linatosha, ndani bandika karatasi ya kuhami kila mahali maana aluminiamu inapitisha umeme vizuri mno. Lishikwe na klampu za kuzunguka bomba, mbili bomba la chini, moja la kiti, moja la juu, na chini ya kila klampu kata kipande cha tyubu kuukuu. USITOBOE FREMU. Najua fundi wa mtaani atakwambia tundu mbili tu ndogo, bomba la baiskeli sio nene kama linavyoonekana kwa nje, ufa unaanzia kwenye tundu. Kebo zitoke chini ya sanduku, zining'inie kidogo kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondoke yasifuate waya kuingia ndani. Na pale kona ya chini kabisa acha kitundu cha kupumulia, sanduku lililozibwa kabisa na silikoni linatoa jasho usiku na jasho linabaki humo humo.

Haya, sasa ndo tuje kwenye mota yako. Wati 1000 za nini mjukuu? Tanga ni tambarare, hata baiskeli za kawaida zimejaa mji mzima. Wati 350 mpaka 500 zinakutoa mwendo wa 25 kwa saa bila jasho. Kontrola ya ampea 20 ikivuta kwenye seli zako 5 kila moja inatoa ampea 4, seli nzima mpya haitetereki. Mota ya 1000 itataka zaidi ya hapo, alafu ni nzito, na kubwa kuliko yote, breki zako ni za fimbo, siku ya mvua zinashika zikiamua.

Na kuna mtego mwingine kwenye Phoenix ambao wauzaji hawakwambii. Gurudumu la 28 la Phoenix na gurudumu la 28 linalokuja na mota sio 28 moja. La kwako, pale tairi linapokaa kwenye ringi, kipenyo ni milimita 635. La mota mara nyingi ni 622. Tairi lako halikai sawasawa na raba za breki hazigusi pale zinapotakiwa kugusa. Utasema basi navua mota naisuka kwenye ringi ya babu, haya, mota nyingi zina matundu 36 ya spoku na hizi baiskeli zetu za zamani kwa kawaida ringi ya mbele ni 32 na ya nyuma ni 40. Umeona? Nyuma nako mota inataka nafasi ya milimita 135 kati ya masikio ya fremu, pale ekseli inapokaa, na Phoenix iko chini ya hapo sana.

Kwa iyo mi ningeweka mota ndogo yenye gia ndani, mbele, kwenye gurudumu lake lilivyokuja na tairi lake, foku ya Phoenix ni ya chuma na inapanuka kidogo kufikia 100 bila kulalamika. Nyuma acha kama babu alivyoiacha. Mbele tafuta fundi akufungie breki ya waya ya kubana ringi mpya, na mota usiiwashe barabarani hata dakika moja kabla breki hiyo haijashika. Ekseli ya mota iwekee mkono wa chuma wa kuizuia isijizungushe kwenye masikio ya foku, unafungwa kwa klampu kwenye mguu wa foku, ni kipande kidogo cha bei ya chakula cha mchana. Mota ikivuta, ekseli inataka kuzunguka kinyume, ikifanikiwa inatoka na nyaya zake na gurudumu linakuacha.

Kaka fundi mambo vipi. Natengeneza laptop hapa Kariakoo na nimekusanya seli 140 za betri zilizokufa. Naweza kujengea betri ya baiskeli? Na kuna jamaa anauza seli mpya zimeandikwa 9900, bei poa, nichanganye? Spoti weldi, ile mashine ya kubandika nikeli kwenye seli, sina, nina pasi ya kulehemu nzuri tu.
*Wa laptop, Dar*

Poa mdogo wangu. Nianze na huyo jamaa, mwache aende zake. 18650 nzuri kutoka viwanda vikubwa zinacheza kwenye mili-ampea-saa 2500 mpaka 3500, hiyo 9900 imeandikwa na printa. Ziweke kwenye mizani ya sonara, seli ya kweli ina gramu 45 au zaidi, hizo za 9900 nyingi ni nyepesi hata mkononi unasikia.

Za laptop sawa, na we uko mahali pazuri maana unajua mwenyewe, betri ya laptop ya seli 6 ikifa mara nyingi ni jozi moja imewaangusha wenzake, nne zilizobaki ziko hai. Ila uzichuje kama mchele. Iliyofika kwako chini ya volti 2, tupa. Inayopata joto ikichajiwa, tupa. Zilizobaki zijaze mpaka 4.2, ziandike tarehe na kalamu ya maka, ziache wiki mbili kwenye trei ya mayai. Ukirudi iliyoshuka chini ya 4.1 inajila yenyewe ndani kwa ndani, hiyo nayo nje. Hapo ndo upime uwezo kwa chaja inayohesabu, uzipange kila kituo kiwe na jumla inayokaribiana na wenzake, maana kituo dhaifu kimoja ndo kinaamua betri nzima inaishia wapi. Kati ya 140 ukitoka na 100 nzima umshukuru Mungu.

Seli za laptop hazikuzoea kukimbizwa, zilizaliwa kukaa mezani. Kwa iyo usiniwekee 5 kwa kituo kama nilivyomwambia mjukuu wa Tanga, weka 8, jumla 104, na kontrola iwe ya ampea 15, kila seli inatoa chini ya ampea 2. Zitakuwa kilo 5 hivi. Mzigo lakini unabebeka, hakikisha tu pembetatu ya fremu yako inazimeza, maana kila seli na kishikio chake inakula mraba wa sentimita 2 kwa 2.

Pasi ya kulehemu usiiguse seli. Joto la kushikisha risasi pale hasi linaingia moja kwa moja ndani na kuunguza kile kinachotenganisha chanya na hasi, seli inatoka inaonekana nzima kumbe umeshaipa ugonjwa. Kodi spoti weldi kwa siku moja. Nikeli nayo uijue, nyingi sokoni ni chuma kilichopakwa nikeli, kata kipande kikwaruze alafu kilaze usiku kwenye maji ya chumvi, kikiota kutu ni chuma.

Kitu kingine ambacho hata mafundi wazoefu wanajisahau, angalia seli upande wa chanya. Kile kitufe cha katikati ni chanya lakini ukingo unaokizunguka, ule uliofunikwa na plastiki nyembamba tu, ni hasi. Kati yao kuna milimita mbili tatu. Nikeli ikipita juu ya ukingo ule na plastiki ikachubuka kwa mtikisiko wa barabara, una moto kwenye sanduku. Weka pete za karatasi ya kuhami kwenye kila kichwa cha chanya, zote 104, inachosha lakini weka.

Nyaya nyembamba za BMS zipime kabla hujachomeka ile plagi. Multimita, mkono mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu unautembeza waya kwa waya: 3.7, 7.4, 11.1, inapanda hivo hivo ngazi kwa ngazi mpaka juu. Ukikuta imeruka au imerudi nyuma, umekosea mpangilio, plagi hiyo ikiingia bodi inaungua kabla hujasema loh.

Alafu vua saa, vua pete. Sikutishi. Miaka ile najifunza, spana namba 10 ilinidondoka juu ya betri iliyo wazi, ikashika nikeli mbili kwa pamoja. Mlio kama baruti, chumba cheupe, na ile spana mpaka leo ninayo ina jino limeliwa kama panya kaitafuna. Tangu siku iyo spana zangu zote nimezivika tepu ya umeme zimebaki midomo tu. Na kuchaji usichaji chumba unacholala wala kwenye njia ya kutokea mlangoni, moto wa seli hizi hausubiri utafute sendo.

Habari za kazi kaka fundi. Baiskeli yangu ni ya kike, haina bomba la juu, na mimi navaa gauni na khanga kila siku. Kutoka nyumbani mpaka kazini Ifakara ni kilomita 6 tu ila jua la mchana linanimaliza. Betri nitaiweka wapi ikiwa pembetatu hakuna?
*Dada wa Kilombero*

Nzuri dada yangu. Pembetatu ipo ila ni ndogo, iko pale chini bomba linaloteremka linapokutana na bomba la kiti, juu kidogo ya pedeli. Wewe huhitaji betri kubwa. Kilomita 12 kwa siku, tambarare tupu, seli 30 zinakutosha kabisa: 10 za kufuatana, 3 za kulingana, ni betri ya volti 36 yenye wati-saa 300 na kitu, uzito kilo moja na nusu, na mota ya wati 250. Utachaji siku moja utatumia mbili.

Kata kadibodi kama nilivyomweleza mjukuu hapo juu, ila kwako jaribu ukiwa umevaa gauni lenyewe, upande na kushuka mara tano. Sanduku likikushika pindo hata mara moja lishushe. Likikataa kabisa kuingia, angalia nafasi kati ya bomba la kiti na gurudumu la nyuma. Wajapani baiskeli zao za akina mama wanaweka betri hapo hapo, imesimama nyuma ya kiti, na wale wana uzoefu, Yamaha waliuza PAS yao ya kwanza mwaka 1993. Baiskeli zetu nyingi nafasi hiyo ni finyu lakini pima, kuna zinazokubali sanduku jembamba.

Gurudumu la nyuma weka kile kiwavu cha kuzuia nguo. Ukiwa unakanyaga mwenyewe khanga ikiingia kwenye spoku unasikia na unaacha, mota haisikii. Na breki zote mbili nunua hendeli zenye swichi ndani, ukigusa breki tu mota inakata.

Niaje fundi. Mi niko Kisumu, nabeba mizigo na baiskeli, kilo 80 hivi, na njia yangu inapanda Riat. Nataka hub ya nyuma ya direct, yaani mota ya katikati ya gurudumu, ile haina gia, nasikia haiharibiki. Sawa?
*Mbeba mizigo*

Poa sana ndugu yangu. Haiharibiki kwa sababu haina meno ndani ya kulika, hilo kweli. Lakini Riat itaipika. Piga hesabu, wewe na mzigo na baiskeli mnafika kilo 190, mlima ukipanda mita 6 kwa kila mita 100 na ukienda mwendo wa 10 kwa saa, unahitaji wati 300 na zaidi za kupanda tu, hujahesabu kitu kingine. Mota ya direct kwenye gurudumu kubwa ikizunguka polepole hivo umeme mwingi unageuka joto badala ya kusukuma, utafika juu umeme umeisha na hub huwezi kuiweka kiganja.

Kwa kazi yako tafuta mota ya katikati, inayofungwa pale kwenye pedeli na kuvuta mnyororo, ili gia za baiskeli ziisaidie, mlimani unaweka gia nyepesi kama unavyofanya na miguu. Itakula minyororo, jipange. Ukishindwa bei, basi yenye gia ndani kwenye gurudumu dogo la inchi 20 la nyuma, inazunguka haraka zaidi kwa mwendo ule ule. Betri kwako anza na ile ya mjukuu lakini kila kituo seli 7 badala ya 5, na kwenye sanduku ongeza klampu, barabara na mzigo vinalegeza nati. Kila Jumamosi spana mkononi.

Na kuteremka Riat na kilo 80 breki ni zako wewe, usitegemee mota.

Assalaam alaykum kaka. Niko Muscat, narudi Unguja mwezi ujao, mdogo wangu ananiomba nimletee betri ya baiskeli ya 48 kwenye begi maana huku ipo tayari dukani. Nitapita?
*Dada wa Muscat*

Waalaykum salaam dada. Hupiti. Ndege za abiria betri ya lithiamu mpaka wati-saa 100 unabeba mkononi, kati ya 100 na 160 mpaka shirika likuruhusu, ikizidi 160 hairuhusiwi, si begi la mkononi si la chini. Hiyo ya mdogo wako ina 500 na kuendelea, imepita mara tatu. Wala usimsikilize anayekwambia ifungue uigawanye au uifiche kwenye nguo, begi la chini ndo hatari kabisa maana ikiwaka huko hakuna wa kuizima.

Mletee mota, kontrola, hendeli za breki na chaja, hivyo vyote ni vyuma na nyaya. Mota ndogo yenye gia bila gurudumu ni kilo 3 hivi, ataisuka huko huko kwa fundi, Unguja mafundi wa spoku wapo. Ila mwambie kwanza apime fremu anitumie vipimo, ringi ina matundu mangapi, masikio ya fremu yana nafasi ya milimita ngapi, ndo ununue. Betri ipite kwa meli na wakala anayejua kuandika mizigo ya hatari, au aijenge mwenyewe kwa seli zilizokwisha kufika nchini.

Fundi, baiskeli yangu ya umeme inaenda vizuri, betri 13 mara 4. Nasafiri kwenda Kigoma wiki sita kumuuguza mama. Niiache kwenye chaja ili nikirudi iwe tayari?
*Msafiri*

Pole na mama, Mungu amjalie afya. Kwenye chaja usiiache. Seli zikikaa zimejaa wiki nyingi, tena kwenye joto, zinazeeka haraka, zikikaa tupu nazo zinashuka mpaka kufa. Iache katikati, multimita isome kama volti 49. Chomoa plagi ya kontrola, maana kontrola hata ikizimwa inakunywa kidogo kidogo. Ingiza ndani kwenye kivuli, sakafuni, mbali na mkaa na jiko la gesi, na ufunguo mwachie mtu.

Ukirudi ipime kwanza kabla ya kuchaji. Ikiwa juu ya 45 ichaji kama kawaida. Ikiwa chini ya 39 usichomeke chaja, niandikie tarakimu za kila kituo, vyote 13, alafu tuone.